Mla Majani Tu

Kwenye jumba la mifupa, chini ya dinosaria mkubwa kuliko basi, palikuwa na bango: MLA MAJANI TU. Aliliandika Mwalimu Semkiwa, na heshima yake mjini ilisimama juu ya maneno hayo.

Siku hiyo mwanafunzi wake, Mwanaidi, akiwa mja mzito, alikuwa akipasua vinyesi vya mnyama huyo vilivyogeuka mawe. Kila kimoja kilikuwa na mabaki ya mti uliooza, na ndani yake vipande vya ganda la kaa.

“Labda alimeza kwa bahati mbaya,” alisema Mwalimu.

“Kila mlo, Mwalimu? Bahati gani hiyo?”

Mwanaidi akatoa kipande cha udongo mkobani, akatafuna.

“Na wewe mama, wali wote ule nyumbani, bado unakula udongo?”

“Siyo mimi. Mtoto ndiye anayeutaka.”

Mwalimu aliinua macho taratibu mpaka kwenye mbavu za yule mnyama.

“Huenda alikuwa na mayai tumboni,” alisema.

Akaliendea bango, akalikwangua lile neno “tu” kwa ukucha. Mwanaidi alimtazama, akasahau kutafuna.

Kisha mzee akanyoosha kiganja chenye vumbi la rangi. “Hebu nionjeshe na mimi.”