Midomo ya Uvivu

Ilikuwa filamu ya kutisha: wasichana saba wa shule, kila mmoja na dhambi yake, na kila mmoja anauawa nayo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Uvivu kufa. Tangu asubuhi binti aliyemwigiza alikuwa amelazwa ndani ya beseni la kuogea, maji ya baridi yamemfika kidevuni, na mwongozaji alikuwa bado hajaridhika.

"Mara ya mwisho, jamani," alisema, kama alivyosema mara zote.

Mpambaji alikuwa hoi, ameegemea ukuta, miguu imemvimba. Ndiye aliyewapaka wote saba rangi ya maiti. Wasichana walimwita shangazi.

Kamera ikawashwa. Binti hakutikisa hata kope.

"Mnaona?" mwongozaji alinong'ona. "Huyu ndiye mwigizaji!"

Shangazi aliitazama ile midomo ya bluu. Imetoka vizuri, aliwaza kwa uchovu. Halafu akakumbuka. Midomo hakuwa ameigusa kabisa.

"Mama, umeingia kwenye picha!" mwongozaji alifoka. "Toka!"

Hakugeuka. Alizamisha mikono majini, akamshika binti kwapani, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Amka, mwanangu. Niitikie."

Kichwa cha binti kilimwangukia begani, kizito, kikichuruzika maji.