Mistari Myeupe

Fausta alimshika mumewe mkono huku daktari akimpaka jeli ubavuni. Ilikuwa siku ya tano mzee anaugua nimonia ya virusi, na gari la kumpeleka hospitali kubwa ya Mbeya lilishafika mlangoni mwa wodi.

"Yesu wangu, baridi hiyo!" mzee akafoka.

Fausta akacheka, machozi yakimlengalenga. Tangu Jumapili mumewe hakuwa na pumzi hata ya kulalamika, yeye ambaye nyumbani Itaka hulalamikia mpaka chumvi.

Daktari alitembeza kifaa cha ultrasaundi polepole katikati ya mbavu, mbele kisha mgongoni, halafu akamgeuzia Fausta kioo cha mashine.

"Tazama, mama. Jana mistari hii myeupe ilishuka kote kama mvua. Pafu lilijaa maji. Leo naiona miwili tu."

"Kwa hiyo Mbeya tunaenda?"

"Hapana, abaki hapa. Mapafu yanafunguka."

Mzee akasogeza barakoa ya oksijeni. "Daktari, huyu mama hajalala siku tano. Na yeye mpime."

Fausta akamrudishia barakoa, akavua viatu, akapanda kitandani na kujilaza kando yake, mbele ya daktari.