Mtu wa Kupokea Simu

Muuzaji aliyemtangulia Mama Pacha alitoka ofisini kwa bosi huku tai yake kaishika mkononi. Hakumuaga mtu. Alishuka ngazi mbilimbili kama anayefukuzwa na nyuki.

"Huyo alijibu," mhasibu alinong'ona, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bosi kasema moja, yeye kasema mbili. Karibu, dada. Zamu yako."

Mama Pacha alijifuta viganja kwenye sketi. Ndivyo walivyomwita kazini kwake, maana kila asubuhi alifika na alama za maziwa kwenye mabega yote mawili. Kampuni yao ndogo iliwahudumia wafanyabiashara wanaotumia mifumo huria ya kompyuta, ile ambayo mtu huipakua bure. Wao waliuza msaada: mfumo ukigoma, unapiga simu, fundi anakuja. Naye alikuwa bado kwenye majaribio. Meneja alishamwambia wazi kwamba asipoleta mteja wiki hii, abaki nyumbani alee. Alee kwa pesa gani, meneja hakusema.

Kiwanda hiki kilitengeneza magodoro. Kompyuta zake zilitumia mfumo huria tayari, ila bosi alikuwa anataka kurudi kwenye ule wa kununua. Mama Pacha alikuja kumgeuza nia.

Kabla ya kumfungulia mlango, mhasibu alimvuta pembeni. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa maswali ya virusi, ya usalama, ya kuhifadhi data.

"Jumatatu asubuhi unapatikana?"

"Napatikana."

"Na mwisho wa mwezi? Hasa mwisho wa mwezi."

"Hata mwisho wa mwezi."

"Presha huna?"

"Presha?"

"Nauliza tu. Ingia, mama. Mungu akutangulie."

Kwa mtu anayeuza vitu laini, bosi alikuwa mgumu kama kizingiti.

"Kitu cha bure!" alianza, mgeni hajapata hata pa kukaa. "Mimi nikinunua mfumo, namjua aliyeniuzia. Ukiharibika, namwita hapa namsema. Huu wa bure nimseme nani? Dunia nzima?"

"Utanisema mimi, bosi."

Bosi aliinua nyusi, kama mtu aliyekaribishwa chakula ambacho hakukitarajia. Kisha akabonyeza kompyuta ichapishe karatasi, mgeni ajionee. Printa ikakaa kimya.

"Umeona? Umeona sasa?"

Basi hapo mvua ya maneno ikaanza. Aliisema printa, akausema mfumo, akamsema Mama Pacha kwa ankara iliyokosewa mwaka jana, kwa sponji iliyopanda bei, kwa lori lililokwama kwenye matope. Mlango ulikuwa wazi, na sauti ilijaa ghorofa nzima.

Mama Pacha hakujibu. Wanawe walikuwa wamemfundisha kwamba anayelia hanyamazishwi kwa kelele. Unashusha sauti, na mikono yako inaendelea na kazi.

"Najua, bosi. Pole sana. Inaudhi kweli."

Huku akisema hivyo, mkono wake ulikuwa unapapasa nyuma ya printa. Waya ulikuwa umechomolewa. Tena umekunjwa vizuri na kulazwa pembeni, kazi ya mtu nadhifu. Akauchomeka bila kusema kitu.

"Na lile lori je?" bosi alifoka.

"Na lori nalo pole, bosi. Kosa letu."

Alipogeuka, aliona ofisi ya nje kupitia mlangoni. Dada wa mapokezi, ambaye alimkuta amejikunyata nyuma ya meza, sasa alikuwa anapaka kucha rangi. Mtunza stoo alikuwa anakunywa chai taratibu, macho kayafumba, kama yuko likizo.

Printa ilikohoa, ikatoa karatasi. Bosi akajitupa kitini na kushusha pumzi. Uso ulikuwa umemlainika kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Wewe una adabu," alisema kwa upole uliomshangaza hata mwenyewe. "Haya, mfumo ubaki huohuo. Lakini mimi sitoi hata senti kwa kitu cha bure. Nenda salama."

"Hayo mengine niachie mimi, bosi," mhasibu alisema kutoka mlangoni.

Mama Pacha alishuka ngazi. Kusifiwa adabu si mkataba. Adabu hainunui maziwa. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia meneja aliposikia vishindo nyuma yake. Mhasibu alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja kinamvuka, na nyuma yake mtunza stoo na dada wa mapokezi, vidole kavitanua rangi isimharibikie.

"Dada! Usiende, dada! Tumekuchukua. Mkataba wa mwaka mzima!"

"Jamani! Mimi? Si bosi amesema..."

"Wewe hasa. Tumewasikiliza wote. Hakuna aliyekufikia hata kwa mbali."

Machozi yalimlengalenga. Alitamani kuwakumbatia wote watatu, lakini akakumbuka kwamba yeye sasa ni mtoa huduma, na hawa ni wateja wake. Akajikohoza, akanyoosha sketi.

"Asanteni sana. Hamtajuta. Basi kesho nianze na kompyuta ipi? Ipi inawasumbua zaidi?"

Walitazamana.

"Kompyuta ziache, dada, ni nzima, hazijawahi kutusumbua hata siku moja," mhasibu alisema. "Wewe bosi akipiga simu, pokea tu. Na ankara usimpelekee yeye. Inalipwa na mfuko wetu sisi wafanyakazi, ule wa matibabu."