Ushahidi wa Magreth

Magreth alikula kiapo macho yakiwa sakafuni, kisha akaanza kummaliza rafiki yake.

"Mheshimiwa, huyu mama ni mlevi. Asubuhi anakwenda vilabuni, mtoto anashinda na njaa. Siku nyingine anamfungia ndani kwa kufuli. Mimi ndiye ninayempitishia ugali dirishani."

Leonia aliuma upindo wa khanga yake. Hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, na mlango wa kijumba chake haukuwa hata na komeo. Kila neno lilimchoma, maana lilitoka kwa mtu waliyetwanga naye kinu kimoja pale Kwihara, mtu aliyemnyonyesha mtoto huyohuyo, Minza, siku Leonia alipokuwa hoi kwa homa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesi aliifungua Deus, baba yake Minza, seremala wa Chemchem. Alitaka binti yake akae naye mjini, asome mpaka sekondari. Kwa mila hakuwa na mtoto. Alizaa na Leonia bila kutoa hata ndama, na mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa ukoo wa mama. Ndiyo maana Mahona, kaka mkubwa wa Leonia, alikuja mahakamani na koti lake la harusi. Asubuhi ile alikuwa amejisifia boma na mifugo yake mbele ya hakimu mpaka akaambiwa inatosha.

"Usikae kama bubu," alimnong'oneza dada yake. "Huyu mtoto akitutoka leo, tumepoteza ng'ombe. Yule mzee wa Igunga ameshamwona, ameridhika."

Minza alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Leonia alikuwa anaishi kwenye shamba la kaka yake, na mwanamke aliyerudi kwao hana kauli. Mwaka juzi alithubutu kumtetea Koleta, binti wa Mahona, aliyeozwa kabla hajamaliza darasa la saba. Leonia alitupiwa virago nje mpaka alipoomba radhi, na ukoo mzima ukasema amestahili.

Hakimu alimgeukia. "Mama Minza, una swali kwa shahidi?"

"Sina."

"Unayakana aliyoyasema?"

Leonia alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Mahona akasonya.

Afisa wa ustawi wa jamii naye alisimama. Alisema alifika Kwihara kumtembelea mtoto, siku ambayo mama yake alikuwa ametaarifiwa mapema. Mama hakuwepo. Alimkuta Minza peke yake, jiko limepoa, na hajala tangu jana yake.

Minza aliitwa ofisini kwa hakimu, wakazungumza wawili tu. Alipotoka, macho yalikuwa yamemvimba. Alipopita mbele ya mama yake alimshika kidole, akakishikilia mpaka karani alipomwambia asogee.

Hakimu alisoma uamuzi polepole.

"Mtoto amesema anataka kukaa na mama yake, na mahakama imemsikia. Lakini mtoto humpenda hata mzazi anayemuumiza. Sisi hatuangalii ng'ombe waliotolewa au wasiotolewa. Tunaangalia maslahi ya mtoto. Minza atakaa na baba yake. Mama atamwona wakati wa likizo, ustawi wa jamii wakiwepo. Na ndugu yeyote, wa upande wowote, asithubutu kumwondoa kwa baba yake bila amri ya mahakama hii."

Leonia alilia kilio cha msibani. Hakujali nani anamtazama.

Nje, Deus alibeba begi la binti yake. Minza aliita "mama" mpaka walipokunja kona, na hata baada ya hapo sauti iliendelea kusikika. Leonia alisimama juani, mikono kichwani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile kila aliyekuwa pale alimhurumia.

"Magreth asikanyage kwangu tena," Mahona alisema kwa sauti ili watu wasikie. "Na wewe, Leonia, umeniaibisha." Akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha kijijini.

Magreth alikuwa nyuma ya jengo, amejikunyata karibu na bomba la maji, analia. Leonia aliwauliza watu alikoelekea, wakamwonyesha. Wengine wakamfuata, maana walijua leo khanga zitachanika.

Leonia alipiga magoti, akamkumbatia, akamfuta machozi.

"Nyamaza, dada yangu," alimnong'oneza sikioni. "Umeyasema yote kama nilivyokufundisha."