Nailoni ya Sofa

Kitambaa cha sofa Maame Serwaa alikichagua mwenyewe: kizito, rangi ya maziwa, na muuzaji aliapa kwamba hata mawese yakimwagika, unapangusa tu. Tangu siku hiyo kimekaa ndani ya nailoni.

Leo wamekuja kumposa binti yake, familia asiyoiamini. Chupa zao za posa ziko mezani, hazijapokewa; kuzipokea ni kuikubali posa. Binti alilia mpaka nailoni ikavuliwa.

Shangazi wa mposaji akaijia sofa na sahani ya magimbi, mchuzi wa mawese ukicheza ukingoni. Maame Serwaa akasahau kupumua.

Shangazi akakipapasa kitambaa kwa kidole kikavu.

"Nani kavua nailoni hapa?" akafoka, kisha akaketi sakafuni na sahani yake.

Maame Serwaa akamgeukia binti.

"Pokea hizo chupa, mwanangu. Halafu urudishe nailoni."