Ndara za Mwanaima

Kwa mara ya nne asubuhi ile, Mwanaima alitembea kutoka mlangoni hadi langoni akizigonga ndara zake kwa makusudi, pa, pa, pa, na Shaba akamfuata nyuma. Kwenye mlimao walikata kushoto. Kwenye tangi la maji walikata kulia. Mbwa hakugusa kitu.

"Mwenzangu, leo ni gwaride?" jirani yake Twaiba aliuliza kutoka ng'ambo ya ua. "Na huyo naye ameandikwa jeshi?"

"Mzee Sanga anarudi leo. Nataka amkute mbwa wake yuko sawa."

"Na akijua?"

Mwanaima aligeuka, akaanza mara ya tano. Ngazi za mawe za kushukia ufukweni hakuzikaribia. Zilikuwa na utelezi, na Shaba alikuwa ameshaanguka pale mara mbili.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu Mzee Sanga apelekwe Nairobi kutibiwa sukari. Alimwachia Mwanaima funguo za nyumba ya Tiwi, chumba cha uani cha kulala yeye na binti yake Ummi, na huyu mbwa mwenye madoa ya kahawia.

"Huyu si mbwa wa kazi moja," alimwambia siku ya kuondoka. "Porini akimnusa ndege husimama kama sanamu, mguu juu, mpaka nifike. Majini anaogelea. Mpe yai kwa mdomo, atakuletea zima. Na siku ukiwa na huzuni, atakaa nawe wala hatakuuliza."

Mwanaima alikuwa amelelewa kunawa mara saba akiguswa na mate ya mbwa. Aliweka ndoo ya maji na kopo la udongo kando ya mlango, akasema bismillahi, akaanza kazi.

Mwezi wa pili baada ya Mzee kuondoka, Ummi alikuwa akicheza nyuma ya jiko. Shaba akaja akasimama mbele yake ghafla, mguu juu, pua imeelekea kwenye rundo la makuti. Swila akatoka humo, akainua kichwa, akatema sumu. Mtoto hakupata hata tone. Mbwa aliipokea yote machoni. Mwanaima alimwosha kwa maji, akamwosha na kwa maziwa, lakini juma lililofuata Shaba alianza kujigonga kutani.

Hakuthubutu kumwambia Mzee. Alimkumbuka mbwa wa kabla ya Shaba, yule aliyevunjika mguu. Mzee alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe, akasema mbwa asiyeweza kazi anateseka bure.

Basi akamfundisha kufuata ndara. Mwanzoni Mzee alitaka picha kila Ijumaa, na Mwanaima akamtumia za Shaba amelala, macho yamefumbwa. Kisha Mzee akaacha kuziomba, akawa anapiga simu tu. Mwanaima alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Viti visisogezwe," Mzee alisema juma lililopita. "Kila kitu kikae pale pale nilipokiacha."

"Havijasogezwa, Mzee." Na kweli, Shaba alikuwa amekwisha kuvikariri.

"Na kwenye kamba, bado anavuta?"

"Siku hizi havuti kabisa. Anakwenda ubavuni mwa mtu, polepole, kama aendaye hitimani."

"Vizuri sana," Mzee alisema, na sauti ikamtetemeka.

Gari liliingia saa nne. Mwanaima alivua ndara akaziacha mlangoni, asije akaulizwa kelele zile ni za nini. Dereva alishuka, akatua begi katikati ya njia, akampa Mzee mkono ashuke. Mzee alikuwa amekonda, maskini, shati linampwaya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shaba! Njoo, baba."

Mbwa alichomoka kuifuata sauti. Alilivaa begi kwa kifua, akabingirika nalo mpaka kwenye maua. Uso wa Mzee ulikuwa umeelekea pale pale.

"Nini hicho kimeanguka?" Mzee aliuliza.

"Begi," Mwanaima alisema, akijua jibu hilo halitafika mbali.

"Aa."

Mzee alipiga magoti. Shaba alimfikia, akamlamba viganja mpaka viwiko, na Mzee akaulaza uso wake shingoni mwa mbwa, wakakaa vile. Mwanaima aliona hawezi tena.

"Mzee, kuna jambo nimekuficha."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi pia ninalo."

Alipokea kutoka kwa dereva mkanda mpya wa ngozi wenye mpini mgumu, akamfunga Shaba mgongoni kwa kupapasa, kifungo baada ya kifungo, huku uso wake ukiutazama ukuta.

"Nairobi walitaka kunipa mbwa mgeni, nikakataa," alisema, akainuka na kuushika mpini. "Sukari imeyamaliza macho yangu yote mawili, na wa kuniongoza ninamwamini Shaba peke yake. Haya, baba, nipeleke kwenye ngazi za ufukweni."

Mwanaima alikimbia mlangoni, akazitia ndara miguuni, akawatangulia. Pa, pa, pa.