Ndoo za Mazishi ya Mama

Siku hizi hapa Ibadan, taka hurudishwa kwa mwenye jina lililoandikwa juu yake. Akiwa marehemu, hurudishwa kwa wanawe. Nasi tulipomzika mama, kama ilivyo desturi yetu, tuliwagawia wageni ndoo za plastiki zenye picha na jina lake: Abeke Olatunji.

Leo roboti la taka limetuletea rundo jingine. Uani hapapitiki.

"Wazitumie wao mpaka zipasuke, halafu mzigo uwe wetu!" nilimfokea kaka yangu, Adewunmi.

"Tanuri si lipo? Zichome."

Nikachukua ndoo ya kwanza. Mama alikuwa anatabasamu.

"Ichome wewe," nikamwambia.

Akageukia ukutani. Getini roboti likaita tena, kwa sauti ya upole:

"Hodi. Tumemleta Abeke Olatunji."